Mama Mkwe, Vita vya Dini na Sufuria Kubwa

Mzaramo akikaa miaka saba na mkwe wa Kisukuma bila kumtania hata siku moja, jua hapo kuna vita. Sisi ni watani. Mimi nimezaliwa Usukumani, kwenye ng'ombe na pamba, na tangu nihamie Kibaha kikazi Wazaramo wamenichamba sokoni, zahanati, ofisini, mpaka msibani, na mimi nimewarudishia na nyongeza juu. Muuza nazi wangu wa Maili Moja hanikabidhi nazi mpaka aniulize kama kwetu tumeshajua inavyopasuliwa au bado tunaipiga teke kama mpira. Namjibu kwamba kwetu watu wanafanya kazi, hawana muda wa kulala wakisubiri nazi idondoke. Tunacheka, nalipa, naondoka. Asiyekutania ujue amekuweka mbali.

Mama mzaa chema wangu aliniweka mbali kwa miaka saba. Nikimwambia shikamoo mama, ananijibu kwa sauti laini ya mtu anayesoma matangazo ya vifo redioni: "Marahaba mwanangu. Hujambo mwanangu? Kazi mwanangu?" Basi. Hakuna Msukuma we, hakuna mla michembe ya viazi we. Najua wapo watakaosema mkwe hataniwi, mkwe anaheshimiwa. Sawa. Lakini mke wa shemeji yangu ni Mnyamwezi, mtani kama mimi, na yule alikuwa akipewa majina kuanzia asubuhi mpaka jua linazama, na yeye anajibu, wanapigana vikumbo jikoni wanacheka. Tofauti yetu ni kwamba yeye anaswali, mimi nasali.

Baba yangu alikuwa katekista. Mume wangu amekulia Kibuta, huko Kisarawe, nyumba yao na msikiti vinatenganishwa na shamba dogo la mihogo. Tulifunga ndoa bomani, kila mtu na dini yake, na hatujawahi kugombania hilo hata siku moja. Tunagombana kwa mengine. Mama alikuja kwenye harusi. Alikaa mbele, akavaa vizuri, akanywa soda iliyofunguliwa mbele ya macho yake na kula biskuti za pakiti. Nyama na wali wangu hakugusa. Baada ya hapo akija kutusalimia siku zote alikuwa amefunga. Mwaka wa kwanza nilisema, jamani, mama mcha Mungu huyu. Mwaka wa tatu nikaanza kuhesabu, nikagundua kwamba mama huyu funga zake zote za sunna zinaangukia siku anazokuja kwangu.

Nilichotaka kilikuwa kimoja tu. Ale chakula changu. Sikutaka anisifu wala aombe kingine. Ale tu, kama mama anavyokula kwa mwanawe.

Sasa, mwaka juzi aliteleza kisimani Kibuta akavunjika mguu. Daktari akataka awe anarudi kliniki kila baada ya muda, na hospitali ilikuwa huku kwetu Kibaha, kwa hiyo mume wangu akakodi gari akamleta kwetu. Mimi nikachukua likizo yangu ya mwaka nimuuguze, maana mume wangu anafanya kazi Dar, anatoka alfajiri. Mama alishushwa kwenye gari mguu umefungwa plasta ngumu mpaka gotini, tasbihi mkononi, na mapajani amepakata kitu kilichofungwa kwa kanga. Nikadhani mihogo. Nikapokea, nikafungua. Sufuria. Sufuria lake la alumini, na mfuniko wake, na mwiko wake ndani.

"Tumbo langu mwanangu limezoea sufuria hili," akasema, kwa ile sauti laini.

"Sawa mama," nikasema. Moyoni nilisema mengine.

Basi tukawa na majiko mawili nyumba moja. Mimi napika ndani kwenye gesi, yeye anapika barazani nyuma kwenye jiko la mkaa, amekaa kwenye kigoda, mguu ameunyoosha mbele yake kama mtu anayezuia njia. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu hata jembe hakusubiri, alikuja na la kwake. Nikitaka kumsaidia hata kukata kitunguu ananiambia, "Pumzika mwanangu, umechoka." Nimechoka na nini, mama, na mimi niko likizo?

Kwa hasira zangu, siku ya nne nilikaa mezani sebuleni, nikafungua kompyuta, nikaanza kupigana.

Naomba nieleze. Mimi nacheza gemu. Mtu mzima, mke wa mtu, mtumishi wa serikali, karani wa masijala, nacheza gemu. Alinifundisha mwenzangu wa ofisini na sikurudi nyuma tena. Ni gemu la ramani. Dunia ya zamani, enzi za mapanga na ngome, imekatwa vipande vya rangi. Unachagua mfalme au sultani, unamwoza, anazaa, akifa unaendelea na mwanawe. Ukitaka nchi ya jirani huwezi kuamka tu ukampiga, lazima uwe na sababu, na sababu nyepesi kuliko zote ni dini. Jirani akiwa wa dini nyingine, kitufe kinawaka chenyewe: tangaza vita vya dini. Ukishinda unachukua jimbo lake zima, si kijiji kimoja. Ila vita hivyo vina bei, na bei yake si dhahabu. Unalipa kwa ucha Mungu.

Mama alikuwa amemaliza kula chakula chake. Akaja anachechemea na magongo, akasimama nyuma yangu.

"Mwanangu, hizo ndizo kazi za ofisi?"

"Hapana mama. Napigana."

"Na nani?"

"Na jirani."

"Amekukosea nini?"

Nikatazama kioo. Miaka yote ya kucheza sikuwahi kujiuliza. "Hajanikosea. Dini yake nyingine."

Mara nikasikia kiti kinavutwa.

Alitaka kujua kila kitu. Mambo yote yameandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo nilikuwa namsomea kwa Kiswahili, natafsiri papo hapo. Nilipofika kwenye ile namba ya ucha Mungu, iliyo pale juu kwenye kona, akanisimamisha.

"Ucha Mungu una namba?"

"Una namba mama."

"Anaupataje?"

"Akijenga nyumba ya ibada, akienda kuhiji, akitoa sadaka. Na unaongezeka wenyewe kila mwezi."

"Halafu akishaupata?"

"Ananunulia vita."

"Ananunulia! Astaghfirullah! Yaani swala zake kazifanya vocha?"

"Ndiyo mama. Anakwangua."

Akatikisa kichwa, akavuta tasbihi punje tatu nne, akaondoka zake. Nikajua nimeharibu. Kumbe bwana! Kesho yake asubuhi, mume ameshaondoka, nimemaliza kufagia, namkuta mama amekaa mezani mbele ya kompyuta iliyozimwa, amejifunga kanga vizuri kama mtu anayesubiri kuitwa ndani kwa daktari.

"Leo nipe mimi," akasema.

Nikamchagulia sultani mmoja wa pwani ya Bahari ya Shamu, nchi ndogo yenye mchanga mwingi. Kitu cha kwanza akaniuliza Kisarawe iko wapi. Nikamwonyesha ramani inapoishia, huko Uhabeshi na Usomali, chini yake hakuna kitu. Akaguna. "Yaani dunia nzima imepigania dini, sisi wa Kibuta hawakutuona?" Akafikiri kidogo. "Alhamdulillahi. Haya, nani jirani yetu?"

Panya ya kompyuta aliikataa, akasema inamteleza. Kwa hiyo yeye akawa kichwa, mimi nikawa mkono. Na jamani, kichwa kile! Mimi nilidhani ajuza wa watu atataka kulima na kuoza watoto. Mama huyu alikuwa na uchu wa vita sijapata kuona. Kila akiona rangi ngeni mpakani anauliza, "Huyu je?" Gemu likamjibu kwamba sultani wake hana ucha Mungu wa kutosha kutangaza vita vya dini. Nilipomsomea hivyo alikasirika kwelikweli.

"Mimi? Mimi sina ucha Mungu? Mimi nimeanza kuswali sijavunja ungo!"

"Si wewe mama, sultani."

"Sultani nani? Si umesema ni mimi?"

Ikabidi tumpeleke sultani Makka. Gemu lina safari ya Hijja, unamtuma, anakaa miezi, anarudi namba imepanda. Mama aliisubiri ile safari kwa adabu kabisa, hakutaka nikimbize siku. Sultani aliporudi akasema "Hijja njema, Mungu aitakabali," akimwambia kioo. Halafu akaangalia mpaka. Akaangalia namba. Akanitazama mimi kwa pembe ya jicho.

"Katoka kuhiji jana tu," akasema.

"Ndiyo mama."

"Leo amvamie jirani."

"Akitaka."

"Astaghfirullahi l-adhim," akasema. "Bonyeza."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Na yeye alicheka, akafunika mdomo na kanga. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka saba kuona meno ya mama mkwe wangu kwa ajili yangu mimi.

Tukashinda. Ukishinda jimbo la dini nyingine unamtuma imamu wako akawasilimishe watu, na hapo unatokea mstari unaojaa taratibu, asilimia moja, asilimia mbili, mwezi baada ya mwezi. Mama akachukia: imamu gani anasilimisha watu kwa asilimia, kama mtu anajaza pipa? Tukakaa tunautazama ule mstari. Wakristo wa jimbo lile walikuwa wabishi, mstari hauendi. Ghafla akaniuliza, bila kunitazama:

"Mwanangu yule kakusilimisha asilimia ngapi?"

Nikaganda. Mume wangu alikuwa kazini Dar, hajui kama anasemwa. Halafu nikaona kona ya mdomo wa mama inacheza.

"Sifuri mama," nikasema. "Imamu wako mvivu."

"Ee, huyo ni mvivu tangu tumboni. Alichelewa hata kuzaliwa."

Hapo nikajua ni utani. Utani wenyewe, wa kwanza! Nilitamani nimpigie mume wangu simu, nimwambie mama yako amenitania. Sikumpigia, niliogopa kuukatiza.

Kitu kingine alichokipenda ni ile orodha ya viwango. Katika gemu kila dini inazitazama dini nyingine kwa ngazi: kuna walio katika haki, kuna waliopotea, kuna maadui, na chini kabisa kuna waovu. Wakiwa wamepotea tu mnaweza kuoana na kuungana. Vita mnaweza kupigana nao wote, ila wakifika uadui hakuna tena kuoana. Akaniuliza dini yake na yangu ziko ngazi ipi. Nikabonyeza, nikamsomea. Akapiga kofi. "Basi wewe umepotea tu! Hujafika pabaya!" Kuanzia saa ile jina langu likawa hilo. Ewe uliyepotea, niletee maji. Ewe uliyepotea, jua limezikausha hizo nguo au limezichoma?

Mnaona nilivyojazwa moyo. Mchana ule nikapika kisamvu cha nazi. Nilikitwanga kwa mikono yangu, nikakitia nazi mbili, nikatafuta na perege wakavu waliotoka Mlandizi. Nikaandaa mezani, sahani yake nikaiweka pale anapokaa. Akaja. Akakitazama kisamvu. Ile sauti laini ikarudi.

"Ahsante mwanangu. Mungu akubariki mwanangu."

Akachukua magongo yake, akaenda zake barazani kuwasha mkaa.

Nilikula peke yangu, machozi yananitoka, na hasira juu. Nilijiambia afadhali asingenitania. Ukimfungulia mtu dirisha halafu mlango ukaubana, unamfanyia nini kama si dhihaka?

Kesho yake tulicheza, lakini mimi nilikuwa nimenuna, nabonyeza tu. Vita vya tatu vilikuwa na nchi moja ndogo ya Kikristo, milimani, inayotawaliwa na mama mjane. Jeshi letu lilikuwa kubwa, halikuchukua muda. Ngome ikaanguka na yule malkia akashikwa mateka. Ikatokea picha yake: mwanamke mtu mzima, kitambaa kichwani, nyuma yake ukuta wa mawe. Chini yake vitufe. Umtoze fidia, umlazimishe kubadili dini, umuue, au umwachie.

Nilimsomea mama vyote. Aliitazama ile picha, tasbihi imesimama mkononi.

"Huyu mama," akasema mwishowe, "huko gerezani anakula nini?"

"Gemu halisemi."

"Anapikiwa na nani? Hawa waliomfunga si wa dini nyingine? Anakula kwenye chungu cha nani?"

Mdomo wangu mimi umeniponza tangu shule ya msingi. Nikasema, "Labda amekuja na sufuria lake."

Yalitoka. Nikasikia jinsi yalivyotoka. Mama hakushtuka, hakupandisha sauti. Aligeuza kichwa taratibu akanitazama, na nikaona kwamba siyo mwanangu anayetazamwa, wala aliyepotea. Ni mimi.

"Sema," akasema. "Sema yote leo."

Nikasema. Nilisema miaka saba. Biskuti za harusi, funga zisizoisha, kisamvu cha jana. Nikamwambia kuku wangu wote nachinjiwa na mzee wa Kiislamu hapo jirani, anasema bismillahi mwenyewe, tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Nikamwambia, mama, mimi sikuombi unipende, kula tu. Nililia vibaya, kamasi na machozi.

Akasubiri nimalize. Halafu akaniuliza swali ambalo hakuna mtu katika familia ile aliyewahi kuniuliza.

"Nguruwe ameshawahi kuingia kwenye masufuria yako?"

Jibu lilikuwa rahisi. Hapana, mama. Maneno mawili tu. Ningeyasema, chakula changu kingeliwa siku ileile, pengine. Na nani angejua? Kaka zangu wako Usukumani.

"Mara moja," nikasema. "Mwaka wa pili. Kaka zangu walikuja, wakanunua kitimoto, mume wangu alikuwa safarini. Tulipika kwenye sufuria kubwa. Niliosha. Niliosha mpaka kucha ziliuma. Sijarudia tena."

Mama akashusha pumzi ndefu. Akachukua magongo, akanyanyuka, akaenda chumbani kwake akafunga mlango. Kwenye kioo yule malkia bado alikuwa ananitazama, na vitufe vyake vinne chini. Nikazima.

Siku nzima hakutoka ila kupika na kutawadha. Mume wangu aliporudi jioni aliona nyuso zetu akauliza kuna nini, wote wawili tukamjibu hakuna kitu. Nikasema basi, kwisha habari yangu. Nimevunja mwenyewe. Niliwaza nimuombe mume wangu ampeleke kwa shemeji, kwa yule Mnyamwezi, akale kwa amani.

Asubuhi iliyofuata ndiyo nikaitwa.

"Ewe!"

Nikatoka mbio. Amekaa barazani kwenye kigoda chake, mguu mbele, mikono ya gauni ameikunja mpaka kiwikoni. Pembeni yake ndoo mbili za maji, amembembeleza binti wa jirani amchotee. Mbele yake kuna rundo dogo la udongo safi, umechekechwa.

"Lete hilo sufuria kubwa."

"La nini mama?"

"Nimekwambia lete. Najisi ya yule ina dawa yake. Linaoshwa mara saba, na moja katika hizo saba ni kwa udongo. Nimefundishwa chuoni nikiwa mtoto, mwalimu alikuwa na bakora hivi. Lete."

Nikakimbilia jikoni. Na hapo nikaumbuka. Masufuria makubwa nilikuwa nayo mawili, ya seti moja, zawadi ya harusi kutoka kwa wenzangu wa masijala, yanafanana kama mapacha. Nikayashika yote mawili. Miaka mitano imepita. Ni lipi? Nikatoka nayo yote, moja kila mkono.

"Mama, sikumbuki ni lipi."

Alinitazama. Akayatazama masufuria. Akainua macho juu.

"Ya Rabi, umenipa Msukuma gani huyu? Watu wanatenda dhambi, wanaikumbuka! Huyu katenda, kasahau alipoiweka!"

Tukaosha yote mawili. Nasema tukaosha, mimi nilimimina maji, yeye alisugua, hakukubali nisugue mimi. Mifuniko, miiko, hata upawa. Udongo ukaanza, tukasuuza, akahesabu kwa sauti. Alipofika ya tano, jirani akapita njiani akapiga hodi, mama akamjibu salamu zote, za mguu, za watoto, za kijijini, akarudi kwenye sufuria.

"Ilikuwa ya ngapi?"

"Ya tano, mama."

"Ya nne."

"Ya tano."

"Aliyesahau sufuria atakumbuka hesabu? Tunaanza upya."

Tukaanza upya. Maji yalikuwa yanatiririka mpaka uani kwa jirani. Na katikati ya kusugua, jasho linamtoka, akaanza. "Hivi nyinyi, ng'ombe wote waliojaa huko kwenu, barabarani hawapishi magari, ndugu zako walikosa nyama mpaka wakaja kumtafuta yule kwangu?"

"Wamezoea kuona mnavyowafuga, mama," nikasema. "Wazaramo mkisikia ngoma mnaacha mashamba, nguruwe pori wanakula mihogo yote ya Kibuta. Kaka zangu walikuja kuwasaidia kuwapunguza."

Aliacha kusugua. Nikasema, haya, nimepitiliza tena. Kisha akanimwagia maji machafu yote yaliyokuwa mkononi, usoni, pwaa, akacheka mpaka plasta ikagonga ndoo.

Tulipomaliza la pili alijifuta mikono, akawa anautazama mfuniko unaong'aa. Nikathubutu kumuuliza. "Mama, kama dawa yake ilikuwepo siku zote, kwa nini hukuniuliza?"

Akauokota mfuniko. "Ningekuuliza, ungesema hapana," akasema. "Kila mtu angesema hapana. Nami nisingekuamini. Sasa nikishakuuliza, nikakukatalia moyoni, ningekaaje na mke wa mwanangu? Nikaona bora ninyamaze, nije na sufuria langu." Akanipa ule mfuniko. "Sikujua kama utasema ndiyo."

Nilikwenda kwa mzee wa jirani na jogoo, akanichinjia. Nikapika ubwabwa na kuku wa nazi, ubwabwa kwenye lile kubwa moja, kuku kwenye pacha lake. Kwa wasiwasi sijui niliweka nini mara ngapi. Wakati ubwabwa unaiva mama akaniambia nifungue kompyuta. Yule malkia alikuwa palepale. Mama hakutaka nimsomee vitufe tena.

"Mwachie," akasema. "Arudi kwake."

"Na dini yake?"

"Na dini yake. Kapotea tu huyo, hajafika pabaya. Bonyeza."

Nikabonyeza. Ile namba ya ucha Mungu pale juu haikupanda hata kidogo. Mama aliingoja, akaona haiendi, akafyonza. "Gemu lenyewe halijui thawabu," akasema, akanyanyuka kwenda kunawa.

Nikapakua. Nikaweka sahani pale pale nilipoweka kisamvu. Akakaa, akasema bismillahi, akamega ubwabwa kwa vidole vitatu, akauchovya kwenye mchuzi, akatia mdomoni. Mimi nimesimama, kitambaa cha jikoni nimekinyonga mikononi. Akatafuna. Akameza. Akanyanyua uso.

"Chumvi imezidi," akasema.

Miaka saba nilikuwa naisubiri hiyo. Wake za watu wanalia wakikosolewa vyakula na mama wakwe zao, na mimi nililia, lakini siyo kwa kuumia. Kabla ya siku ile asingeweza kunikosoa hata angetaka, maana hakuwahi kuonja.

"Unalia nini sasa?"

"Moshi, mama."

"Moshi wa gesi? Msukuma, gesi ina moshi?" Akasogeza sahani kuelekea kwangu. "Hebu acha vituko. Niongeze. Kwangua huko chini kabisa, nataka ukoko."